Stuli Katikati ya Hema

Marahaba, mwanangu Adela. Ungekuwa hapa ungeanza na shikamoo, kwa hiyo nakuitikia kabla hujaniamkia, maana nina haraka. Umekwenda Runazi kumuaga shangazi yako, na kwa jinsi ninavyomjua dada yangu, hakuachii mpaka ule mara mbili na kubebeshwa nusu ya shamba lake la maharage. Nina saa tatu, labda nne. Nikikusubiri urudi, nitakutazama usoni nitashindwa, nitaishia kukuuliza kama umepata kiti cha dirishani.

Maagizo ya safari ameshakupa mama yako na sina la kuongeza. Sweta, ndoo, mtu wa kukupokea stendi, senene kwenye kopo la maziwa, yote hayo yako mikononi mwa mkuu wa nyumba, na mimi katika mambo hayo sina cheo.

Ninachotaka kukuandikia ni habari za Spesiyoza. Najua ukiliona jina hilo utaiweka barua chini. Iokote, tafadhali. Kwa miaka kumi umeamini kwamba neno lako, ukiwa mtoto wa miaka tisa, ndilo lililomtupa yule mama shimoni. Si kweli. Nimejua kwamba si kweli tangu siku ile ile, na sikukuambia. Kesho unapanda basi kwenda kusoma fizikia chuo kikuu, na sitaki upande na mzigo huo.

Usiniulize nimejuaje kwamba bado unao. Mwalimu wako wa fizikia aliniambia siku ya mahafali, akidhani ananisifia binti. Alisema una akili kuliko wote darasani, ila kwenye majaribio una kituko kimoja: husemi kipimo kinasoma ngapi mpaka mwenzako aseme kwanza. "Anakiona vizuri kabisa, mzee," akaniambia, "lakini anasubiri." Nilicheka naye kwa adabu. Kisha nikaenda nyuma ya choo cha shule nikasimama huko peke yangu, nikalia, mtu mzima na suti yangu ya kuazima.

Sasa nianze pale ulipokuwa mdogo mno kukumbuka vizuri.

Ilikuwa mwaka wa pili wa kambi ya wakimbizi. Tulikuwa bado tunaishi Mugoma, na mimi nilikuwa msaidizi wa macho kwenye zahanati, mtu wa kutoa vumbi na kupaka dawa. Wakimbizi walipojaa, wakatafuta watu wa afya wanaoelewa lugha yao, na Kihangaza chetu na Kirundi ni ndugu wa tumbo moja. Nikachukuliwa. Nikapewa hema, meza, tochi ndogo ya kumulika ndani ya jicho, na ile chati ya herufi E zinazoelekea kila upande, ambayo mgonjwa anaonyesha kwa mkono miguu ya E imeelekea wapi. Kila asubuhi nilikuta foleni. Macho mekundu ya moshi na vumbi, macho ya wazee yenye mtoto wa jicho, watoto wenye usaha. Nilifanya kazi nzuri, Adela, sitajinyima hilo. Bibi mmoja nilimpa miwani akatazama viganja vyake kwa muda mrefu, akasema kumbe amezeeka hivi, na hema zima likacheka.

Lakini nilikuwa na kazi nyingine pia. Asiyeona alipewa kadi ya wasiojiweza. Kwa kadi hiyo aliwekwa karibu na bomba, hakupanga foleni ya chakula, na alichotewa maji. Kwa hiyo watu walikuja wakijifanya vipofu, na siwalaumu, hata mimi ningejaribu. Kazi yangu ilikuwa kuwakamata. Nilikuwa naangusha kalamu yangu kwa bahati mbaya ya makusudi, na kipofu anainama kuniokotea. Nilikuwa nanyoosha mkono kusalimia bila kusema neno, na kipofu ananipa wake. Wenzangu wakaniita Mzee Tochi, nikalipenda jina hilo kupita kiasi. Niliamini hakuna mtu wa kunidanganya kuhusu macho.

Wewe ulikuja likizo. Mama yako alikuwa anapalilia, kaka zako walikuwa watundu, basi nikakupakia kwenye kerieri ya baiskeli nikakupa kazi ya kushika chati. Uliifanya kama waziri! Uliwafundisha watoto wenzako kuonyesha kwa vidole vitatu, ukawakemea waliobahatisha. Ulikuwa tayari unapenda mambo ya macho, tangu ile siku nilipokuwekea harage na punje ya hindi mezani, nikakufumba jicho moja, nikakuambia ukazie macho punje huku ukisogeza kichwa polepole. Harage likatoweka. Ukapiga kelele ukasema nimelila. Nikakueleza kwamba kila jicho lina mahali pake pasipoona, pale mshipa unapotokea, na kwamba akili inaziba pengo hilo kwa kubuni, inachora meza mahali palipo na harage. Uliniuliza, "Sasa Baba, nani anachora?" Nilikuambia kalale.

Spesiyoza aliletwa siku ya Jumanne akiwa ameshikwa mkono na jirani yake. Mwanamke wa umri wa mama yako, mrefu, kitenge cha kijani. Nilimmulika. Mboni zilisinyaa vizuri, moja kwa moja. Nyuma ya jicho kulikuwa safi. Sikuona kovu, ukungu wala kidonda. Nikamwambia macho yake ni mazima. Akanijibu kwa utulivu, na nikitafsiri alisema hivi:

"Najua, muganga. Macho yanaona. Mimi ndiye sioni."

Karani aliyekuwa anaandika kadi akaguna. "Huyu anareta mchezo, daktari. Macho yanaona, yeye haoni! Kwani macho ni ya nani?"

Watu wa foleni wakacheka. Nami nikacheka. Hilo ndilo kosa langu la kwanza na naliona dogo, maana wote tulicheka. Kosa lililofuata lilikuwa langu peke yangu. Nilimwomba jirani yake atoke nje, nikachukua stuli taratibu bila sauti, nikaiweka katikati ya hema, kati yake na mlango. Kisha nikamwambia, "Haya mama, tumemaliza, nenda moja kwa moja mbele, mlango uko hapo." Akaanza kutembea. Alipoifikia stuli akapinda kidogo kulia, akaipita, akaendelea.

Ndipo uliposema, "Baba, ameiona stuli!"

Ulisema kweli, mwanangu. Ulikuwa na furaha, kama mtu aliyempatia rafiki yake jibu. Lakini nisikilize sana hapa. Wakati unasema, kalamu yangu ilikuwa tayari kwenye kadi. Nilikuwa nimeshaandika "Anaona". Uliposema, nilikuwa naandika neno la pili, "Anajifanya". Hukunifumbulia chochote. Stuli niliiweka mimi, na mtego ule niliutega mimi. Ungekuwa umelala nyumbani siku ile, kadi ingeandikwa maneno yale yale.

Spesiyoza alinyimwa nafasi ya karibu na bomba akarudishwa upande wa pili wa bonde. Siku ya sita alikwenda kuteka maji peke yake, akaanguka kwenye shimo ambalo watu walikuwa wanachimba udongo wa matofali. Mkono ukavunjika mahali pawili.

Wiki hiyo hiyo akapita daktari wa macho kutoka Mwanza, aliyekuwa anakuja mara chache. Akampima Spesiyoza kwa muda mrefu, kisha akaja hemani na kadi mkononi. Ulikuwa umesimama pale karibu na mlango na chati yako.

"Nani ameandika hivi?"

"Mimi, daktari."

"Kwa ushahidi gani?"

Na mimi, Mzee Tochi, nikajibu, "Aliikwepa stuli. Hata mwanangu alimwona."

Hata mwanangu alimwona. Nilikutanguliza mbele yangu, Adela. Nilikuwa na miaka thelathini na minane, nikajificha nyuma ya mtoto wa miaka tisa. Nikakuona ukiishusha ile chati polepole mpaka ikagusa ardhi. Jioni, juu ya baiskeli, ukaniuliza mgongoni, "Baba, ni mimi?" Nikasema hayo ni mambo ya wakubwa, nikakanyaga pedali. Kilima kile kilikuwa kikali nami nikajifanya nahema. Hukurudi tena hemani, ukasema unapenda zaidi kupalilia, na tangu lini wewe ukapenda kupalilia?

Daktari hakunikemea. Afadhali angenikemea. Alikaa kwenye stuli ile ile akanieleza, na maelezo yake nimekaa nayo mpaka leo. Alisema mwanga ukishaingia jichoni hauna njia moja tu ya kwenda. Upo unaokwenda kumwambia mtu "unaona", na upo unaokwenda kwenye miguu na mikono kimya kimya, bila kumpitia mwenye nyumba. Alisema wapo watu walioona mambo ambayo binadamu hapaswi kuyaona, na baada ya hapo kitu ndani yao kinafunga mlango. Jicho linaendelea na kazi. Miguu inaendelea kukwepa. Yule anayesema "mimi" ndiye amebaki gizani. "Macho yake ni mazima na hadanganyi," akasema. "Yote mawili ni kweli." Nikamuuliza huyo anayesema "mimi" anakaa wapi. Akacheka kwa uchovu, akasema angekuwa anajua asingekuwa anaendesha gari hili la vumbi.

Nimemulika maelfu ya macho baada ya hapo. Nimeona mishipa, nimeona doa lile linapotokea mshipa, nimeona madonda ya kila aina. Aonaye sijamkuta hata mara moja. Nilizoea kufikiri kwamba jicho ni dirisha na mtu yuko ndani amekaa anachungulia. Sasa sina hakika hata kidogo kuhusu huyo mtu, na nimeridhika kutokuwa na hakika, jambo ambalo mama yako anasema ni dalili ya uzee.

Ndiyo maana mwaka jana, tukipukuchua mahindi kibarazani, ulipoanza kunieleza habari za chembe za mwanga, nilikung'ang'ania mpaka ukachoka. Ulichora ukuta wenye matundu mawili membamba. Ukasema mwanga, hata ukiutuma chembe moja moja, unachora mistari kwenye pazia la nyuma, kana kwamba kila chembe imepita kote kuwili. Lakini ukiweka kifaa cha kujua kila chembe imepita tundu lipi, mistari inatoweka. Mimi nikaruka, mahindi yakamwagika. Nikasema basi, kumbe ni akili! Akili ndiyo inaumba dunia, ikitazama kitu kinakuwa, isipotazama hakiwi! Ukacheka mpaka ukapaliwa.

"Hapana, Baba. Kifaa kinatosha, hata kama chumbani hamna mtu. Wapo wanaosema hivyo unavyosema wewe, lakini mwalimu anatuambia tusikimbilie huko."

"Sasa ukweli wake ni upi?"

"Kuhesabu wanajua vizuri sana. Maana yake wanabishana mpaka leo."

Nilifurahi siku ile, kukuona unaweza kusema "hatujui" bila kuona haya. Ukaendelea. Ukasema ukipanga vifaa vyako kuuliza njia, utapata jibu la njia, na ukivipanga kuuliza mistari utapata mistari, lakini huwezi kupata yote mawili kwa mpigo mmoja. Nikaacha kupukuchua. Ulidhani nimepotea, ukaanza kunirudia polepole kama unavyomfundisha mdogo wako. Sikuwa nimepotea. Nilikuwa nimerudi hemani. Niliona kwamba siku ile niliiuliza miguu ya Spesiyoza, miguu ikanijibu kweli, na mimi nikaliandika jibu la miguu kana kwamba ni la Spesiyoza. Yeye mwenyewe alikuwa ameshanipa jibu lake, waziwazi, kwa mdomo wake, na nilikuwa nimelicheka.

Usiende kuwaambia walimu wako kwamba baba yako anasema binadamu ni chembe ya mwanga. Najua mambo haya mawili hayafanani kihivyo, na utakutana na watu wengi wenye maneno matamu wanaoyachanganya, roho na atomi na macho katika chungu kimoja. Wasikilize, kula chakula chao, kisha rudi kwenye hesabu zako. Mimi nilichochukua ni kidogo tu: namna ninavyouliza inaamua nitakachoweza kupata. Tangu siku hiyo, mgonjwa akikaa mbele yangu, kwanza namuuliza anaonaje kwake, na ninaandika anavyosema yeye, hata kama hayaelekei. Tochi inafuata baadaye.

Nawe chukua hili kwangu, ingawa sina digrii. Uliona stuli, ukasema stuli. Hilo lilikuwa jambo safi. Ubaya wote ulianza pale mimi nilipochukua ulichokiona nikakifanya hukumu juu ya mtu. Kuona ni kazi yako na utaifanya maisha yako yote, Mungu akipenda. Kipimo kikisoma saba, sema saba, na uwe wa kwanza kusema. Ukikosea utasahihishwa, haitamvunja mtu mkono.

Sasa limebaki lile lililonifanya niandike badala ya kusema, na ndilo ninaloliogopa.

Nilikwenda kumwona Spesiyoza. Hukujua. Ilikuwa miaka miwili baada ya shimo. Nilikuwa nimesikia kwamba ameanza kuona, kidogo kidogo, kwanza mwanga, kisha rangi, kisha nyuso. Nilibeba maharage kilo tatu kwenye baiskeli, na njiani niligeuza mara mbili kurudi nyumbani. Nilimkuta amekaa kwenye mkeka nje ya kibanda chake, mkono umeunga vibaya, umepinda. Nikasalimia. Akanijua kwa sauti kabla hajainua uso.

Nikamwomba msamaha. Nilikuwa nimepanga maneno mengi, yakatoka matatu au manne. Aliingia ndani akatoka na kibuyu cha rubisi na mrija mmoja. Unajua kwetu maana yake nini mtu akikutolea pombe ya ndizi: amekupokea. Akanywa yeye kwanza, ili nijue haina kitu, kisha akanigeuzia mrija ule ule. Nikanywa, na machozi yakaingia humo humo. Alichokiona kwao hakunisimulia, na mimi sikumuuliza.

Kisha akasema, "Wewe uliandika ulichokuwa umekuja kuandika. Yule mtoto yuko wapi?"

Nikamwambia uko shule, unaendelea vizuri. Nikamwambia kwamba unaamini umemponza. Alishtuka kweli kweli. Akaweka kibuyu chini. Akanishika mkono kwa ule wake uliopinda, akanipa maneno haya nikuletee. Niliyarudia njia nzima ili nisipoteze hata moja, kisha nikafika nyumbani nikakukuta unacheka na kaka zako, nikaona kwamba nikiyasema lazima niseme na yale mengine, jinsi nilivyokutanguliza mbele ya daktari. Nikasema kesho. Nimesema kesho kwa miaka minane, na kwa hilo nakuomba msamaha kuliko kwa lingine lolote.

Alisema hivi:

"Mwambie mtoto kwamba mimi sikujua kama kuna stuli. Nilikuwa natembea gizani tu. Wote mle ndani mliniambia nadanganya. Yeye peke yake aliniambia naona. Nilipokuwa nimelala na mkono wangu umevunjika nilikuwa nayawaza maneno yake: ameiona. Nani ameiona? Si mimi. Basi kuna mtu ndani yangu bado anaangalia, bado ananilinda nisijikwae. Nikaanza kumtafuta huyo mtu. Nilimwita kila siku. Asingesema yule mtoto, nisingejua kwamba yupo."

Amesharudi kwao, na sijui yuko kilima gani. Lakini alipoondoka alikuwa anaona njia.

Maneno hayo ni yako, Adela. Ukitaka kunikasirikia, nikasirikie kesho asubuhi stendi, mbele za watu, nitakuwa nimeshika mabegi yako na sitajitetea. Nakupenda sana, mwanangu.

Ni mimi, baba yako.